UZI: Gemu za ushindani zimekuwa ajira duniani, mabanda ya Mwanza yanasubiri nini?

FundiPedi (mtoa mada)

Wakuu, salama?

Shughuli yangu ni kutengeneza mashine za gemu na pedi zake (zile za kushika mkononi), nipo Mabatini, Mwanza. Kazi hii inanipitisha kwenye mabanda mengi, kuanzia Igoma na Buzuruga mpaka Pasiansi na Nyegezi stendi. Mada za gemu zikiletwa humu huwa zinaishia sehemu mbili: "vijana wanapoteza muda" na "kuna dogo Marekani kalamba mabilioni". Zote zina ukweli, ila hazimsaidii chochote mtu mwenye TV nne pale Mlango Mmoja. Leo naomba twende mbali kidogo.

Tummalize kwanza huyo dogo. Kyle Giersdorf, jina la kazi Bugha, alikuwa na miaka 16 tu mwaka 2019 alipochukua dola milioni 3 kwenye Kombe la Dunia la Fortnite, New York, ndani ya uwanja wa tenisi wa Arthur Ashe. Mwaka 2021 timu ya Team Spirit wakabeba zaidi ya dola milioni 18 kwenye The International, mashindano ya dunia ya gemu ya Dota 2. Mfuko mzima wa zawadi ulikuwa milioni 40. Hela ile haikutoka kwa tajiri mmoja. Valve, wenye gemu, walikuwa wanawauzia wachezaji wa kawaida vikorokoro vya ndani ya gemu, na robo ya mauzo inaingia kwenye zawadi. Mwaka 2023 wakabadili utaratibu, mfuko ukaporomoka mpaka milioni 3 na kidogo. Mashindano yaleyale, gemu ileile.

Kwa hiyo dola milioni sizijadili. Nataka tujadili Korea Kusini, maana kule ndiko hii kitu ilikokuwa kazi ya kueleweka, na ilianzia kwenye mabanda.

Mwaka 1997 uchumi wao ulianguka pamoja na wa nchi nyingine za Asia. Watu wakapunguzwa makazini, na baadhi wakachukua kiinua mgongo wakafungua vibanda vya kompyuta, wenyewe wanaviita PC bang. Vijana wasio na ajira wakapata pa kushinda kwa hela ndogo. Machi 1998 ikatoka StarCraft, gemu ya vita ya kupanga mikakati, ikakuta vibanda vipo tayari na serikali inatandaza intaneti ya kasi nchi nzima. Mwanzoni ilikuwa bingwa wa kibanda hiki dhidi ya bingwa wa kibanda kile. Mwaka 2000 ikaja Ongamenet, chaneli ya TV ya gemu tupu, na shirikisho lao, KeSPA. Mwaka 2004 fainali ya ligi ikachezwa ufukweni, Gwangalli mjini Busan, waandaaji wakatangaza wamefika watu 100,000. Ufukweni, wakuu. Sisi ufukwe tunao kuanzia Kamanga mpaka Igombe, na tunautumia kuosha bodaboda.

Mpangilio ulikuwa huo: kibanda, ligi ya mtaa, TV, ndipo mshahara. Mchezaji wao Faker (Lee Sang-hyeok) alisajiliwa 2013 akiwa bado kijana mdogo, akaacha shule, na leo ana mataji sita ya dunia ya gemu ya League of Legends: 2013, 2015, 2016, 2023, 2024 na 2025, yote na timu moja. Sisi tunataka kuanza na Faker halafu ndio turudi kutafuta kibanda.

Na kibanda tunacho! Ingia banda lolote saa kumi jioni. Mabenchi ya mbao, feni moja, TV ukutani, mwenye banda na daftari lake. Dakika tatu kila kipindi, aliyefungwa anaachia pedi. Pedi zimezungushiwa utepe mweusi wa umeme kwa sababu skrubu zilishapotea. Kuna dogo mmoja wa Kirumba anachagua timu mbovu makusudi, anawafunga watu wazima mpaka wanaomba wabadilishane timu, halafu anawafunga tena. Hana jina, hana rekodi, hana popote pa kwenda na kile kipaji zaidi ya benchi lilelile kesho.

Hoja yangu ni moja: mabanda ya Mwanza yatengeneze ligi. Ana kwa ana, si ya mtandaoni. Iwe na ratiba, msimamo na mwamuzi. Karibuni.

---

NimekaaPale

Nimekaa pale na kahawa yangu na kashata. Ngoja wazazi waje.

---

MamaWawili

Wazazi tumekuja.

Fundi, uzi wako nimeusoma wote na umeandika vizuri, ila mimi ni mwalimu wa sekondari huku Ilemela. Hao vijana unaowaona saa kumi jioni, mimi nawakosa darasani saa nne asubuhi. Wanabadilisha shati nyuma ya banda, suruali za shule zinabaki zilezile, na mwenye banda anapokea mia tano yake kama haoni. Umemtaja Faker ameacha shule kana kwamba ni sifa. Ukiandika sentensi ile humu kuna kidato cha tatu anaisoma sasa hivi.

Sichukii gemu. Najua pia Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile ICD-11 iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Wengi wanainukuu vibaya. Haikusema mtoto akicheza saa fulani ni mgonjwa. Inatazama kama ameshindwa kujizuia, kama gemu imetangulia kila kitu kingine maishani mwake, na kama anaendelea hata baada ya madhara kuonekana, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Wanafunzi wangu wengi hawapo huko. Wawili watatu wapo, na nawajua kwa majina.

Uchina, wanaotoa wachezaji wakubwa wa hizi gemu, mwaka 2021 waliweka sheria: chini ya miaka 18 gemu za mtandaoni ni muda wa saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu tu. Kwa hiyo msituambie kwamba ukitaka ubingwa lazima mtoto akeshe.

Ligi yenu ina kanuni gani kuhusu wanafunzi?

---

MkekaHai

Mwalimu kaja na rungu 😂

Mkuu Fundi, wazo zuri ila halina hela ndani yake. Weka odds. Dogo wa Kirumba anampiga fundi magari wa Buzuruga, watu wanaweka buku buku, mwenye banda anakata asilimia yake, mshindi anapewa chake. Wiki tatu tu banda litajaa hadi nje.

---

FundiPedi

MkekaHai, hapo ndipo ligi inapofia kabla haijazaliwa. Wakorea unaowaona mabingwa yaliwakuta. Mwaka 2010 iligundulika wachezaji wa StarCraft wanauza mechi kwa watu wa kamari. KeSPA ikafungia watu 11 maisha, na miongoni mwao alikuwepo Ma Jae-yoon, mtu aliyekuwa bingwa na kipenzi cha nchi. Walikuwa wanalipwa mishahara na bado walinunulika. Sasa dogo asiye na hata nauli ya daladala utamzuia na nini asiachie goli kwa elfu tano?

Halafu hapa nchini michezo ya kubahatisha ipo chini ya Bodi, ina leseni zake, na chini ya miaka 18 haruhusiwi. Nusu ya mabingwa wetu wana miaka 15. Ukiweka odds umewaharamisha wao na banda kwa pamoja.

Mwalimu, nakujibu chini, ngoja nimalizane na mteja.

---

BandoLimekata

Mimi ni mtu wa mitandao, kazi yangu ni minara na faiba kanda hii ya ziwa. Nimefurahi mtoa mada kusema "ana kwa ana", maana wengi humu wanadhani ukiwa na bando kubwa na simu kali unaweza kushindana na mtu wa Frankfurt. Acha nieleze kwa nini haiwezekani, na si uzembe wa mtu.

Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Zinasikika nyingi, lakini hesabu. Seva nyingi za gemu kubwa zipo Ulaya na Mashariki ya Kati. Data yako inatoka Mwanza, inateremka Dar zaidi ya kilomita elfu moja, inaingia baharini, inapanda hadi Bahari ya Shamu na kuendelea. Tuseme njia nzima ni kilomita 10,000. Kwenda milisekunde 50, kurudi 50. Mia moja tayari, hata kabla hujahesabu vifaa vya njiani, mnara wako, na jirani anayepakua filamu. Kwa kawaida utaona pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ya milisekunde 150 au 200. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 16 na kitu. Yaani mwenzako wa Ulaya ameshaona picha tisa wewe unaona ya kwanza. Kipa ameshadaka, wewe bado unapiga shuti.

Kuna gemu chache zina seva Afrika Kusini. Dota 2 na Counter-Strike, kwa mfano, zina seva Johannesburg. Huko kuna nafuu. Hata hivyo njia ni zilezile za baharini. Mnakumbuka Mei 2024? Nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini wakati mmoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile hata meseji ya WhatsApp ilikuwa inazunguka tu. Ukiwa na fainali ya mtandaoni siku kama ile unawaambia nini watu?

Mkiwa chumba kimoja, mashine mbili zimeunganishwa kwa waya wa mita tano, hayo yote yanafutika. Mchezaji wa Mwanza anakuwa sawasawa na wa Seoul. Bando halihitajiki hata la mia.

---

KijanaWaMalimbe

Kaka BandoLimekata umemaliza. Mimi nasoma chuo cha SAUT, nacheza eFootball, gemu ya mpira, kwenye simu. Usiku wa manane pingi inashuka kidogo, ndio maana mnatuona na macho mekundu.

Ila Fundi umesahau watu wa simu. Mashine ni laki nne laki tano tena mtumba, TV juu. Simu kila mtu anayo. Free Fire, PUBG, eFootball, Dream League, ndiko waliko watu hosteli nzima. eFootball yenyewe Konami walipoacha jina la PES mwaka 2021 waliifanya ya bure. Ligi yenu ikiwa ya PS tu mmewaacha nje wengi.

Na wasichana. Kwenye mabanda hawaingii, wanaogopa matusi na kusukumwa. Kwenye simu wapo. Kenya wana Sylvia Gathoni, QueenArrow, anacheza Tekken, gemu ya ngumi. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU huku anasoma sheria. Hakuacha shule, Mwalimu umesikia?

---

MamaWawili

Nimesikia, na huyo ndiye nitakayemtaja darasani kesho. Asante kijana.

---

MhasibuWaCapri

Mtoa mada umetuonyesha faida, upande wa hasara umeuruka. Nauleta mimi.

FaZe Clan, moja ya timu zenye jina kubwa kuliko zote Marekani, waliingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2022 wakithaminiwa kama dola milioni 725. Mwaka uliofuata wakauzwa kwa takribani milioni 17. Ligi ya gemu ya Overwatch ilianza 2018, nafasi ya timu moja ikiripotiwa kuuzwa dola milioni 20. Mwaka 2023 ikafungwa. Hao ni watu wenye wanasheria na washauri, si mwenye banda wa Igoma.

Sasa hivi hela kubwa inatoka sehemu moja: Saudi Arabia. Mfuko wao wa uwekezaji ulinunua waandaaji wakubwa wa mashindano, ESL na FACEIT, mwaka 2022 kwa dola bilioni 1.5. Kombe lao la Riyadh mwaka 2024 lilikuwa na zawadi za dola milioni 60. Septemba 2025 ukatangazwa mpango wa mfuko huo na wenzake kuinunua EA kwa bilioni 55. EA ndio wenye ile gemu ya mpira mnayoicheza kila siku hapo Mabatini. Kamati ya Olimpiki nayo ilikuwa imekubaliana nao mwaka 2024 kuandaa Olimpiki ya gemu kwa miaka 12. Oktoba 2025 wakaachana hata ya kwanza haijachezwa.

Jambo ambalo mashabiki hawaliwazi ni kwamba mpira hauna mwenyewe. Mkitaka kucheza Nyamagana leo hakuna wa kumwomba ruhusa ya kutumia mpira wa miguu. Gemu ina mwenyewe. EA na FIFA walipoachana, gemu ya FIFA 23 ikawa ya mwisho yenye jina lile, na mashindano ya gemu ile yakabadilika kwa uamuzi wa vikaoni. Valve alibadili utaratibu mmoja na mfuko wa milioni 40 ukayeyuka, umesema mwenyewe. Mchezaji anaweza kutumia miaka mitano kujua gemu fulani, kampuni ikafunga seva Jumatatu, na ujuzi wake haununuliwi popote.

Sipingi ligi. Napinga mtu kumwambia mtoto "hii ni kazi" wakati mwajiri hajulikani.

---

MzeeWaMwaloni

Vijana, mimi sijawahi kushika hiyo pedi. Nauza dagaa Mwaloni, na mjukuu wangu ndiye ananisomea huu uzi. Nina neno moja.

Mmeongea wachezaji, mmeongea hela, mmeongea waya wa baharini. Watazamaji mbona hamuwasemi? Sisi Wasukuma mashindano tumeyajua zamani. Kuna Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, kila kundi na manju wake, na dawa zake, na vituko vyake. Wanacheza muda mmoja, uwanja mmoja, wakiachiana nafasi. Hakuna jaji wa kuhesabu hatua. Watu wanahama wenyewe kwa miguu yao kwenda wanakovutiwa, na upande wenye umati mkubwa ndio umeshinda. Ndiyo maana utaona mtu anacheza na nungunungu, mwingine na chatu, mwingine na fisi. Wanatafuta umati. Nendeni Bujora msimu wa Bulabo, sherehe ya hizo ngoma, mkaone.

Sasa hawa watoto wanacheza wameupa mgongo umma. Mimi nikipita naona visogo tu na kelele. Nitajuaje nani anashinda? Nani ananisimulia? Mkitaka mtu kama mimi nisimame, mgeuze ile TV itazame barabarani, mumweke mtu mwenye mdomo atangaze.

---

KijanaWaMalimbe

Shikamoo mzee. Nimesoma hii post mara mbili. Mtangazaji ninaye, yuko hosteli kwetu, anatangaza mechi za simu kwa Kisukuma mpaka watu wanalia kwa kucheka.

---

MzeeWaMwaloni

Marahaba. Mwambie asitukane.

---

FundiPedi

Nimerudi, mteja alikuwa na pedi inayotembea yenyewe. Naanza hapohapo maana inahusu ligi moja kwa moja.

Ndani ya stiki, kile kijiti cha pedi unachosukuma kwa dole gumba, kuna kitu kinaitwa potenshomita, mbili kwa kila stiki. Ni kipande cha chuma kinachokwaruza juu ya utepe wa kaboni, na mashine inasoma kipo wapi. Miezi inavyokwenda kaboni inalika, vumbi la Mabatini linaingia, basi mashine inadhani unasukuma kushoto wakati kidole hakijagusa. Beki wako anaondoka mwenyewe. Watu wanapuliza kwa mdomo, ambayo ni kuongeza mate tu. Spiriti safi na pamba ya masikioni inasaidia kwa wiki chache. Dawa ni kubadilisha stiki nzima, kuchomoa miguu 14 kwa solda bila kuunguza bodi. Siku hizi zimekuja stiki za sumaku ambazo hazikwaruzani, zinadumu sana, ila bei imechangamka.

Kwa nini nasema hili? Kwa sababu mechi nyingi za mabanda zinaamuliwa na pedi. Aliyefika mapema kachukua nzima, wa pili anacheza na beki anayetembea. Kanuni ya kwanza ya ligi: pedi zote zipite mezani kwangu au kwa fundi mwingine, na kabla ya mechi wachezaji wanabadilishana pedi wajaribu.

Ya pili ni TV. TV za kisasa zinaipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba huko kunachelewesha. Ndani ya menyu kuna hali ya gemu, ukiiwasha mapambo yanazimwa na picha inawahi. Nimepita mabanda mengi na ni machache sana waliyoiwasha. Zile TV za chogo za zamani hazikuwa na tatizo hili kabisa. Usizitupe jamani, kuna wacheza gemu za ngumi za zamani huko nje wanazitafuta.

Mwalimu, swali lako. Napendekeza: siku za shule hakuna mechi ya ligi. Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada basi. Chini ya miaka 18 aje na namba ya mzazi, na mzazi apigiwe kweli. Banda likikutwa na mwanafunzi saa za masomo, timu yake inakatwa pointi tatu. Hiyo ndiyo itawauma, kwa sababu wachezaji wenyewe wataanza kumfukuza mwenzao asiwaponze. Mkwara wa polisi hawauogopi, msimamo wa ligi watauogopa.

Mhasibu, nakubaliana na wewe kuliko unavyodhani. Kwenye ligi yangu hakuna mshahara wa mchezaji. Angalia kazi zilizopo pembeni: fundi, mwamuzi, mtangazaji, wa kurekodi na kukata video fupi, wa kuchora jezi, mama wa chipsi. Hizo zipo hata kampuni ikibadilisha gemu kesho, kwa sababu tutacheza nyingine. Mchezaji apewe kikombe na nauli. Akitokea wa kwenda Nairobi au Johannesburg, tumchangie akiwa na rekodi ya msimu mzima mkononi, si maneno ya "huyu dogo ni hatari".

Kijana, simu ziwe na siku yake, tuanze na eFootball. Wasichana wawe na meza yao ya usajili na msimamizi wa kike. Mwenye banda akiruhusu matusi, mechi inahamishiwa banda lingine na yeye anakosa mapato ya siku. Hela ndiyo lugha yake.

---

BandoLimekata

Umeme je? Mkiwa nusu fainali ukikatika?

---

FundiPedi

Stebilaiza lazima, hilo halina mjadala. Umeme ukirudi kwa kishindo unachoma pawa saplai ya mashine na mimi ndiye napata kazi. Ukikatika kabla ya dakika ya 60 ya saa ya ndani ya gemu, mechi inarudiwa. Baada ya hapo matokeo yanabaki. Banda lenye jenereta au inveta ndilo litapewa robo fainali kwenda juu.

---

MkekaHai

Dakika ya 60 unaonea. Mtu yuko nyuma moja, anakuja juu, umeme unakatika dakika ya 61. Lazima iwe irudiwe zile dakika zilizobaki, matokeo yaanzie yalipoishia.

---

MhasibuWaCapri

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na MkekaHai. Kuna ligi za mpira nazo zinamalizia dakika zilizobaki.

---

FundiPedi

Imepita. Dakika zilizobaki zinachezwa, magoli yanabaki kama yalivyokuwa.

Mpaka sasa kwenye PM (meseji binafsi) nimepata mabanda sita: Igoma mawili, Mabatini, Kirumba, Buzuruga na Nyegezi. Nataka nane ili ratiba ya nyumbani na ugenini ikae sawa. Usajili elfu kumi kwa banda, inanunua kikombe na daftari la msimamo, na Mhasibu ndiye atakayeshika hela kama yuko tayari. Mzee wa Mwaloni, mechi ya ufunguzi tunaomba tuifanyie karibu na kwako, TV itazame barabarani.

---

MhasibuWaCapri

Nashika, lakini risiti kila kitu. Hata soda.

---

MzeeWaMwaloni

Njooni Jumapili, Jumamosi tunapokea mitumbwi kutoka Ukerewe hapatoshi. Na mtafute turubai, kile kioo kitapigwa jua hamtaona kitu.

---

MamaWawili

Hiyo meza ya usajili ya wasichana niandikeni mimi. Na mechi ya mwisho iishe saa kumi na mbili kamili.

---

NimekaaPale

Kahawa imeisha. Pasiansi kuna banda, mwenyewe ni shemeji yangu, namwamsha sasa hivi. Inabaki nafasi moja.